Baba na Sindano ya Ng'ombe

Mimi nina mdomo, sikatai. Nilizaliwa nao Kiminini, nikaolewa nao Bungoma, na kwa miaka saba niliutumia kila Jumamosi kuwafundisha wanawake wa kanisa letu namna ya kula. Sisi tunasali Jumamosi, na wengi wetu hatuli nyama. Ibada ikiisha, wanaume walibaki nje wakizungumza mambo ya mbolea na mvua, na sisi wanawake tukaingia jikoni nyuma ya kanisa. Huko mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Niliwaonyesha kuloweka maharagwe yasiwajaze gesi, kusaga soya, kupika mboga za terere na managu bila tone la mafuta. Nikimaliza, nilimwita baba yangu asimame.

Baba hakuwa mtu wa Bungoma. Aliishi peke yake kule Kiminini, kwenye shamba alilonunua na mama walipotoka Nyandarua, lakini mara moja kwa mwezi alikuja kulala kwetu na kusali nasi. Nilikuwa namshika mkono mbele ya wale wanawake, nawaambia, mtazameni huyu mzee, amepita miaka sabini, presha haijui, sukari haijui, nyama hajaonja tangu mama afariki, na maziwa pia hagusi. Wanawake wanasema amina. Baba anatabasamu kidogo, anaketi.

Mama alikufa kwa moyo. Alianguka katikati ya mahindi siku ya kuvuna, gunia likiwa nusu, na alipofikishwa hospitali hakukuwa na la kufanya. Mama alipenda nyama yenye mafuta na alipenda chumvi, na daktari alitaja hayo mawili kwa kupita tu, lakini mimi niliyashika kwa mikono yote miwili. Sikuwa na mtu wa kumkasirikia, basi nikaikasirikia sufuria ya mafuta. Wiki mbili baada ya mazishi nilienda Kiminini nikasafisha jiko la baba. Mafuta nilimwaga, mayai niligawia jirani, nyama nikapiga marufuku. Kisha nikapiga marufuku maziwa pia, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba mafuta ni mafuta, yawe ya ng'ombe aliyekufa au ya ng'ombe aliye hai.

Baba alisimama mlangoni akinitazama. Aliniambia, "Sawa, mama."

Mimi nimepewa jina la mama yake mzazi, kama ilivyo desturi yetu, kwa hiyo tangu nikiwa mtoto ananiita mama. Ilianza kama utani wa mzee na binti yake. Baada ya kifo cha mama, nadhani sote wawili tulisahau kwamba ni utani. Nilimwamuru na yeye akatii. Alikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa. Aliwakamua asubuhi na jioni, akasukuma mikebe hadi barabarani gari la maziwa liichukue, akarudi nyumbani kunywa turungi. Nilipomwona na kikombe hicho cha chai isiyo na maziwa, niliona ushindi. Haki ya Mungu, niliona ushindi.

Kuna siku tulimpeleka kwa mama mkwe wangu kule Mabanga. Kwa Wabukusu, watu wa mume wangu, mkwe akija anachinjiwa kuku, na firigisi inawekwa juu ya sahani yake ili ajue anaheshimiwa. Mama mkwe aliiweka. Mimi nikaiondoa kabla baba hajafungua mdomo, nikaeleza habari za moyo na mishipa mpaka ugali ukapoa. Mama mkwe alinuna, na ana haki. Alimwambia mume wangu baadaye kwamba mkwe wake amekuja kwake akala mboga peke yake kana kwamba hapo kuna matanga. Tulicheka njiani tukirudi. Siku hizi nikikumbuka siku hiyo, ninachokumbuka ni macho ya baba yalivyoifuata ile firigisi ikirudi kwenye sufuria.

Halafu kuna lile la vidonge, ambalo nataka kulisema upesi kwa sababu linanichoma. Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliuliza darasani kama ni kweli mtu asiyekula nyama, maziwa wala mayai anapaswa kununua vitamini ya B12. Alikuwa amesikia redioni. Alisema ati bila hiyo vitamini, damu inapungua na mishipa ya fahamu inaharibika, na hata moyo unaweza kupata shida. Mimi nilimjibu kwamba Mungu aliumba terere, hakuumba vidonge. Jikoni walicheka mpaka wakashika mbavu, na yule mama akacheka pia, kwa aibu. Baba alikuwa ameketi karibu na mlango akinisubiri tuende nyumbani. Alisikia kila neno.

Mwaka jana, mvua ya mwezi wa nne ilipoanza, niliona jambo la kwanza. Nilikuwa nimeenda Kiminini kumpelekea kunde. Baba aliingia ndani kutoka zizini, mguu mmoja una kiatu cha mpira, gambuti, na mwingine una soksi tupu. Gambuti la kushoto lilikuwa limebaki kwenye matope, hatua ishirini nyuma yake. Hakujua. Nilipomwonyesha, aliutazama mguu wake kama kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akasema matope ya mwaka huu ni mabaya. Nikacheka. Nilienda kulichomoa lile gambuti mwenyewe, na nikiwa nimeinama pale, kitu ndani yangu kikashtuka. Lakini nilikuwa mwepesi wa ushauri kuliko maswali. Nilimwambia ni uzee.

Mara ya pili alikuwa anapanda kutoka zizini, mteremko mdogo ambao mtoto anaukimbia, akasimama katikati na kuweka mkono kifuani. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Alisimama hivyo kwa muda, akihema, na alipogundua namwona akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Ngai! Mungu wangu! Niliona mahindi, nikaona lile gunia nusu, nikamwona mama. Na mimi nilifanya nini? Niliondoa chumvi. Nilichukua mkebe wa chumvi nikaondoka nao kwenda Bungoma, nikamwachia malimau.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Nilimpigia simu asubuhi kabla sijanawa uso, nikampigia mchana, nikampigia jioni. Umeamka? Kifua je? Umekula mboga? Alinijibu kila mara kwamba yuko sawa, na mara moja akaniambia nikiendelea kupiga hivyo ng'ombe watakaa bila kukamuliwa. Asipopokea simu mara moja, nilimpigia jirani yake. Mume wangu, ambaye ni mpole kupita kiasi, alinishauri nimpeleke mzee hospitali kuliko kumchunga kwa simu. Nikamwambia baba yangu haumwi, baba yangu ni mfano. Nilitumia neno hilo hilo, mfano.

Jumapili moja ya mwezi wa sita nilifika Kiminini bila kumwambia. Baba alikuwa barabarani na mikebe ya maziwa. Nikaona nimbadilishie mashuka. Nilifungua kabati lake, na nyuma ya mashati ya kanisa nikagusa kitu cha kioo. Ilikuwa chupa ya dawa yenye picha ya ng'ombe, imebaki nusu, maji yake mekundu. Kando yake palikuwa na bomba la sindano, lile kubwa la mifugo, limefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Kitambaa kilikuwa na madoa ya damu.

Nilijaribu kujiambia kwamba ameihifadhi huko ili isikae juani. Lakini stoo ya dawa za ng'ombe ninaijua. Iko kwenye zizi, ina kufuli, na baba ni mtu wa kuweka kila kitu mahali pake. Niliketi kitandani na ile chupa mapajani nikasubiri, nikiisoma na kuirudia ile karatasi yake. Iliandikwa kipimo cha ndama na kipimo cha ng'ombe mkubwa. Hakukuwa na kipimo cha baba.

Alipoingia nilimsikia kwanza. Alikuwa anachechemea. Aliona nilichoshika, akavua kofia, akaketi kwenye kiti kilicho mbele yangu.

Nilimuuliza kama dawa hii ni ya ng'ombe. Akasema ni ya ng'ombe. Nilimuuliza basi inafanya nini kati ya mashati. Baba hajui kusema uongo. Kisha akapandisha suruali mpaka kwenye paja. Palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa chungwa, mwekundu, na nilipoweka kiganja nikahisi moto.

"Ng'ombe ikilegea miguu tunaidunga hiyo, inasimama," akasema. "Na mimi miguu imelegea, mama. Tangu mwaka ule mwingine. Chini huku sisikii. Nikikanyaga ni kama nakanyaga godoro."

Nilipandwa na hasira. Hasira ndiyo huja kwanza kwangu, hata pale ambapo ninaogopa, na siku hiyo niliogopa kuliko siku ya mama. Nilimpigia kelele. Nilimuuliza kama amekuwa ndama, kama hajui hospitali iko wapi, kama anataka nimzike pia. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, mimi ambaye nampigia simu mara tatu kwa siku. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Ningekuambia," baba akasema, "halafu Jumamosi ungewaambia nini?"

Hakusema kwa kunisuta. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini alikata mti fulani. Akaendelea polepole, akiangalia miguu yake. Alikuwa amesikia yule mwalimu akiuliza habari ya vitamini. Alipohisi ganzi alijua yeye mwenyewe ndiye jibu la lile swali. Lakini alikuwa amesikia pia nilivyojibu, na watu walivyocheka, na alijua akinunua vidonge kwenye duka la dawa la Kiminini habari itafika Bungoma kabla yake, maana waumini wetu wako kila mahali. Dawa ya ng'ombe kila mtu humwona akinunua. Aliitazama karatasi ya ile chupa, akaona B12 imeandikwa hapo. Akajidunga mwenyewe. Mikono yake imedunga ng'ombe miaka arobaini, akaona paja lake haliwezi kumshinda.

Mdomo wangu wote huo, na nilichosema ni, leta viatu. Nilimsaidia kuvaa viatu, nikamfungia kamba kwa sababu nilitambua sasa kwamba alikuwa hawezi kuzifunga, vidole navyo vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Nilimwomba jirani mwenye gari atufikishe hospitali ya Kitale.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, pengine rika la mdogo wangu wa mwisho, na alimwita baba "mzee wangu" kwa heshima hata nikapata nguvu kidogo. Alimfunga macho kwa kitambaa akamgusa nyayo kwa pamba, akimuuliza, hapa? Hapa je? Baba alisema hapana, hapana, hapana, mpaka pamba ilipofika juu ya kifundo cha mguu. Wakamsafisha ule uvimbe wa paja, wakambandika nyaya kifuani. Wakatoa damu. Daktari aliitazama ile chupa ya ng'ombe kwa muda mrefu, akataka kujua kwanza amejidunga mara ngapi, na baba akasema mara nne. Humo ndani mlikuwa na madini mengine yaliyochanganywa, daktari akasema, na hapendi kukisia yalifanya nini kwa moyo unaohangaika tayari. Na sindano yenyewe ilikuwa imeshatumika kwa ng'ombe.

Halafu akauliza swali nililokuwa nalingojea. Ni nani alimwambia mzee aache nyama, maziwa na mayai, vyote, bila kumpa kitu badala yake? Baba aliangalia ukuta. Angeangalia ule ukuta mpaka jioni.

"Ni mimi," nikasema.

Majibu ya damu yalichukua siku nne. Siku hizo baba alikaa kwetu Bungoma, kwenye chumba cha watoto, na mimi nilikuwa naingia kila mara kwa kisingizio. Nampelekea maji, narudi kuchukua glasi, narudi kufungua pazia. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Akilala mchana nasimama mlangoni mpaka nione blanketi likipanda. Mara moja lilichelewa kupanda nikamtikisa bega, akaamka akashtuka, tukashtuka wote. Chakula kilinishinda. Nilikuwa napika sufuria kubwa ya managu, naitazama, na sijui kama ninampa baba afya au ninammaliza. Mimi, ambaye watu walikuwa wakiandika maneno yangu kwenye madaftari.

Siku ya tano tulirudi Kitale. Daktari alieleza taratibu, kwa Kiswahili, akinitazama mimi. Ile vitamini ilikuwa karibu kwisha mwilini mwa baba, na ile dawa ya ng'ombe haikutosha kuirudisha. Mwili huihifadhi kwa miaka, ndiyo sababu alionekana mzima kwa muda wote niliokuwa namsimamisha mbele za watu. Ilipokwisha, damu ilipungua, na moyo ukaanza kukimbia ili damu hiyo kidogo itoshe, mpaka ukachoka na kutanuka. Pia kuna kitu kingine kwenye damu, chenye jina refu, ambacho vitamini hii ikikosekana hupanda, na kikipanda huendana na kuharibika kwa mishipa ya damu. Cha baba kilikuwa juu sana. Nilimuuliza kama majani hayatoshi, hata mengi. Akasema mboga aendelee kula, ni nzuri kwa moyo kweli, hakuna aliyenidanganya hapo. Lakini vitamini hii haiko kwenye mboga. Iko kwenye maziwa, mayai na nyama, na asiyevitaka hivyo atumie kidonge.

Nilimuuliza kama baba atapona. Sijui kwa nini tunauliza hivyo, tunajua daktari si Mungu.

"Damu itarudi," akasema. "Miguu, tutaona, kwa sababu imekaa sana. Moyo siwezi kukuahidi. Nitaijaza vitamini, lakini kama hiyo peke yake inaukinga moyo, hata sisi madaktari bado tunabishana."

Baba alidungwa sindano ya watu. Nyekundu vilevile, lakini ndogo, na muuguzi alisafisha ngozi kwanza. Baba aliitazama kwa makini kama fundi anayemkagua fundi mwingine. Kabla haijaingia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naruhusu. Hilo ndilo lililoniliza. Mzee wa miaka sabini na nne, mkono umekunjuliwa, sindano ikiwa tayari, ananiuliza mimi kama naruhusu.

Mume wangu alinishauri ninyamaze kwanza, nipumzike darasa hata mwezi mmoja, mambo yatulie. Alikuwa ananionea huruma. Lakini kila nilipofikiria kunyamaza nilimwona baba akijidunga peke yake, kabati limefunguliwa, mlango umefungwa. Jumamosi iliyofuata nilisimama jikoni kanisani bila sufuria wala mwiko. Baba alikuwa ameketi kwenye benchi, fimbo ya kutembelea kati ya magoti. Sikumwita asimame.

Niliwaambia yote. Maziwa, mayai, gambuti, chupa, paja. Nilimgeukia yule mwalimu wa shule nikamwomba msamaha mbele ya watu kwa kumfanya achekwe jikoni. Niliwaambia wasiache mboga, lakini asiyekula maziwa wala mayai aende apimwe damu na atumie vidonge, na kama ni mimi niliyemwambia hahitaji vidonge, basi nilikosea, na baba yangu ndiye anayelipa. Hakuna aliyesema amina. Walikusanya vyombo vyao na kutoka, na nilijua kufikia jioni habari itakuwa imefika hadi makanisa ya Ndalu.

Niliinama kumsaidia baba kuinuka. Nilipoinua kichwa nikaona mama mmoja mzee amebaki, yule anayetupokea mlangoni kila Jumamosi na kutupa vitabu vya nyimbo. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anahangaika na kifungo cha kiatu chake, na vidole vyake havikuwa vinakipata.

"Mwalimu," akasema, "nami pia sisikii huku chini. Ni kama mwaka sasa. Tulikuwa tunaogopa kukuambia."

Nilimuuliza ni nani hao, akina nani walikuwa wanaogopa. Alitazama mlango, nami nikageuka kutazama. Nje, kwenye kibaraza, wanawake wanne walikuwa wamesimama, vyombo kichwani, hawajaenda nyumbani.